Kofia za bure kwa wagonjwa wa kemo na watoto wachanga: uzi gani, vipimo gani?

Nyuzi_Nakuru:
Hamjambo wanajukwaa. Tuko kikundi cha watu 14 hapa Nakuru, wengi wetu ni wafumaji wa sweta za shule. Tunataka kufuma kofia za kugawa bure: nusu kwa wagonjwa wa saratani waliopoteza nywele kwa sababu ya kemo (dawa kali za saratani), nusu kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Nyingine zitabaki hapa Nakuru, nyingine zitashuka Kisumu.

Tumechangiwa kilo 6 za uzi. Mwingi hauna lebo, kwa hivyo hatujui ni pamba, sufu au wa kiwandani. Kilo 2 hivi zilikuwa zimehifadhiwa ndani ya sanduku la bati lenye zile tembe nyeupe za kufukuza nondo, ila uzi wenyewe ni mzima kabisa.

Naomba kujua: uzi upi unafaa kichwa kisicho na nywele? Vipimo ni vipi? Na je, tunabeba tu tunapeleka wodini, au kuna utaratibu? Sweta tunaijua, lakini kofia ya mgonjwa hatutaki kubahatisha.

---

Fundi_Kibuye (Kisumu):
Hongereni kwa kuuliza kabla ya kuanza. Kofia nyingi za msaada huishia kwenye droo ya wodi kwa sababu zinawasha, au zinateleza, au zimefumwa kwa kipimo cha kichwa chenye nywele.

Kwanza tambueni uzi. Kateni kipande cha sentimita 10, mkishike kwa kibanio juu ya bakuli la maji, mkiguse na moto. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu jepesi la kijivu. Sufu hunuka nywele zilizoungua, na jivu lake husagika vidoleni. Uzi wa kiwandani, akriliki, huyeyuka na kuganda kuwa shanga ngumu nyeusi. Ukiona jivu na shanga kwa pamoja, huo ni mchanganyiko.

Sufu iwekeni kando. Kichwa kikishapoteza nywele kwa kemo, ngozi huwa laini na huuma hata ikiguswa na mto, na sufu huwasha. Isitoshe, ikifuliwa kwa maji moto husinyaa na kushikamana kama blanketi. Uzi wenye manyoya ya kupeperuka nao hapana kabisa, kwa sababu manyoya huingia machoni na puani. Akriliki laini inafaa Nakuru, hasa Juni hadi Agosti ambapo asubuhi baridi hupenya. Kwa Kisumu fumeni pamba. Kando ya ziwa mtu akivaa akriliki saa saba mchana kichwa kinatokwa jasho, na jasho kwenye ngozi ile linachoma.

Kipimo cha ulaini: funga uzi shingoni kwa dakika kumi. Ukijikuna hata mara moja, uzi huo usiende hospitali.

Sasa kofia ya mtu mzima. Sindano ya kroshia ya milimita 4, uzi wa unene wa kati, ule ambao gramu 100 ni kama mita 220. Anza na duara la vitanzi virefu 12, yaani vile unavyozungusha uzi mara moja kwenye sindano kabla ya kuingiza. Kila mzunguko ongeza 12: 24, 36, 48, 60, 72, 84. Ukifika 84 simama uweke rula. Duara liwe na upana wa sentimita 17. Zidisha kwa 3.14 upate mzingo wa sentimita 53, unaotosha kichwa cha 55 hadi 57, maana kofia huwa ndogo kidogo ili ishike. Kisha teremka bila kuongeza, mizunguko 11 au 12, hadi kina kifike sentimita 22 kutoka utosini. Usipunguze kina hicho. Kofia fupi huacha kisogo wazi, na hapo ndipo mgonjwa anapohisi baridi na ndipo anapoona aibu.

Kwa mtoto wa shule ya msingi, fika 72, ongeza 6 tu mzunguko unaofuata upate 78, kina sentimita 19 au 20. Wa miaka miwili au mitatu, ishia 72, kina 17 au 18.

Mambo yanayoharibika ni haya. Duara likijikunja kama bakuli mapema, mkono wako unakaza, na ukiendelea utapata kofia ya sentimita 47 itakayoacha alama kwenye paji. Badilisha sindano iwe ya 4.5. Likifanya mawimbi kama ukingo wa chapati iliyosukumwa vibaya, mkono umelegea, shuka hadi 3.5. Pamba hulegea ikifuliwa na hairudi, kwa hivyo kofia ya pamba punguza vitanzi 4 kwenye mzunguko wa kwanza wa kuteremka, ubaki na 80.

Na tafadhali msifunge fundo utosini. Mgonjwa hulala na kofia, na fundo dogo kama punje ya mtama linatosha kumnyima usingizi. Acha mkia wa sentimita 15, uupenyeze kwa sindano ya kushonea sentimita 5 kwenda, 5 kurudi, halafu ukate.

La mwisho: msijaribie kwenye kichwa cha mwenzenu aliyesuka. Tafuteni mwenye upara au aliyenyoa.

---

Wodi_ya_Watoto (Kakamega):
Fundi amesema vizuri. Mimi nitashughulikia watoto wachanga, lakini kabla ya chochote: ule uzi wa kilo 2 uliokaa na tembe za nondo msiutumie kwa mtoto yeyote.

Tembe zile mara nyingi huwa ni nafthalini. Mvuke wake huingia kwenye uzi na kupita kwenye ngozi na pumzi ya mtoto. Mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD akivalishwa nguo hiyo, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kupasuka, akapata upungufu wa damu na manjano kali inayoweza kudhuru ubongo. Upungufu huu hurithiwa, na ni wa kawaida katika maeneo yenye malaria ya miaka mingi, ndiyo sehemu zetu hizi za magharibi na pwani ya ziwa. Kwa kumtazama mtoto huwezi kujua. Kufua mara moja na kuanika si hakikisho. Hata kwa wagonjwa wa kemo uzi huo haufai, maana harufu yake itawaletea kichefuchefu. Fumieni mikeka ya mlangoni.

Kwa kofia zenyewe, tumieni sindano mbili, si kroshia. Kroshia ya vitanzi virefu ina matundu, na joto la mtoto hupotelea hapo. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake, ndiyo maana tunahangaika nacho hivi. Sindano za milimita 4, uzi ule ule wa kati:

Mtoto aliyetimiza miezi: vitanzi 68. Wa kilo 1.5 hadi 2: vitanzi 60. Wa kilo 1 hivi: vitanzi 52. Sentimita 3 za kwanza fuma viwili vya mbele, viwili vya nyuma, ili ukingo uvutike. Kisha safu moja mbele, moja nyuma, hadi jumla ya sentimita 11 kwa mkubwa, 9 kwa wa kati, 8 kwa mdogo. Kufunga utosi: fuma viwili, unganisha viwili, hadi mwisho wa safu (68 zinakuwa 51). Rudi kwa safu ya nyuma bila kupunguza. Kisha fuma kimoja, unganisha viwili (34). Rudi. Kisha unganisha viwili viwili (17). Pitisha uzi kwenye vitanzi vyote, vuta, shona ubavu. Hesabu ya 60 na ya 52 inagawanyika vivyo hivyo bila kubaki.

Msiweke kifundo cha manyoya juu, kifungo, shanga, wala kamba ya kufunga kidevuni. Rangi ziwe nyepesi: nyeupe, krimu, manjano hafifu. Muuguzi anatakiwa kuona doa la damu au majimaji mara moja, na kwenye buluu nzito halionekani.

Jambo ambalo watu hawalifikirii: watoto wengi wachanga huwekewa dripu kwenye mshipa wa kichwani. Kofia ya kuvuta inaweza kuing'oa. Kwa hivyo katika kila kofia kumi, tatu ziacheni wazi ubavuni badala ya kushona, na mweke mikanda miwili mipana ya kitambaa laini ya kufungia hapo hapo ubavuni. Wauguzi watawashukuru kwa hizo kuliko zote.

Watengenezeeni zaidi akina mama wa kangaruu, wanaobeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi. Njia hiyo ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, na Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa watoto wenye uzito mdogo, saa 8 hadi 24 kwa siku. Pale mtoto huvaa nepi, soksi na kofia tu, basi kofia ina kazi kubwa. Kila mtoto apewe mbili, kwa sababu kofia iliyolowa maziwa au jasho humpoza kuliko kichwa kitupu. Na mama aambiwe kwamba mtoto aliyetimiza miezi na mwenye afya, akishafika nyumbani, asilazwe na kofia. Atapata joto kupita kiasi usingizini, na hali ya Kisumu mnaijua.

---

Nyuzi_Nakuru:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Hiyo ya nafthalini imenishtua, kilo 2 zote tumezitoa leo. Tumechoma vipande pia: zilizobaki ni kilo 3 za akriliki na kilo 1 ya pamba. Zitatoa kofia ngapi? Na pamba ikipungua kwa Kisumu, kuna njia nyingine?

---

Fundi_Kibuye (Kisumu):
Ya mtu mzima hula gramu 70, ya mtoto mchanga 20 hadi 25. Kilo 1 ya pamba ni za watu wazima 14. Akriliki mkiigawa nusu kwa nusu, mtapata za watu wazima 20 na kitu, na za watoto 60. Kabla ya kufuma nyekundu au zambarau yoyote, sugueni uzi kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikipata rangi, jasho la mgonjwa nalo litapata.

---

Mama_Vitenge (Kisumu):
Pamba ikiisha, chukueni fulana za mtumba. Pale soko la Kibuye Jumapili mnachagua mnavyotaka. Tafuteni fulana kubwa ya pamba inayovutika, isiyo na maandishi ya plastiki. Kateni sehemu ya chini, ukingo wa fulana uwe ndio ukingo wa kofia, maana tayari umeshonwa na hautafumuka. Upana sentimita 28 ikiwa imekunjwa mara mbili, kimo 25, juu kata kwa mviringo. Mvutiko uende kuzunguka kichwa, si juu na chini. Ukikosea hapo kofia haiingii. Shona kwa zigizaga na sindano ya mashine ya vitambaa vya kuvutika, namba 75 au 80. Mshono ulionyooka hukatika siku ya kwanza inapovutwa. Ukitumia tabaka mbili, mishono yote ifiche katikati ya tabaka, upande wa ngozi ubaki laini.

Kuhusu vilemba: vinapendwa sana na wanawake, lakini mama aliyefanyiwa upasuaji wa titi hawezi kuinua mkono vizuri kwa wiki kadhaa. Kilemba cha kujifunga mwenyewe kinamtesa. Kishoneni tayari kimefungwa, avae kama kofia. Kitenge hakivutiki, kwa hivyo mzingo uwe sentimita 58, na lastiki ya sentimita 15 kisogoni tu, iliyofunikwa. Kitenge kipya kifue mara mbili kwanza, kina wanga na rangi ya ziada.

Kwa watoto wa kemo Kisumu kumbukeni pia kwamba wengi wana uvimbe wa Burkitt, ule ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958, unaoonekana sana kanda ya ziwa na mara nyingi huvimbisha taya. Kofia yenye masikio ya kushuka hadi kidevuni itagusa pale panapouma. Ishie juu ya masikio.

Halafu wanaume. Kila mtu hufuma waridi. Fumeni boshori za kijivu, buluu na kahawia, angalau theluthi moja.

---

Dawati_la_Ustawi (Nakuru):
Utaratibu: msiende wodini moja kwa moja. Andikeni barua ya ukurasa mmoja kwa muuguzi mkuu wa hospitali, nakala kwa ofisi ya ustawi wa jamii, mkitaja idadi, vipimo na aina ya uzi. Ambatisheni kofia tano za mfano. Muulizeni msimamizi wa kila wodi anahitaji nini. Pengine kliniki ya kemo ina kofia tele, na wodi ya wachanga haina hata moja.

Fueni zote kwa sabuni isiyo na manukato, bila dawa ya kulainisha nguo. Pamba inastahimili maji ya nyuzijoto 60, akriliki isipite 40, na msiipige pasi: hulegea isirudi, au huyeyuka. Zikauke kabisa kabla ya kufungwa, la sivyo zitafanya ukungu njiani. Mifuko myepesi ya plastiki imepigwa marufuku tangu Agosti 2017, kwa hivyo fungeni kila moja kwenye bahasha ya kaki, mkiandika nje kipimo, aina ya uzi na namna ya kufua. Kinga ya wagonjwa wa kemo iko chini, kofia iliyopita mikononi mwa watu wengi haifai.

Nywele huanza kutoka wiki mbili hadi tatu baada ya dozi ya kwanza. Kofia zikae kliniki ili mgonjwa aipate ziara ya kwanza au ya pili, kabla hajaamka na nywele kwenye mto. Wekeni kapu mezani, kofia moja ya kila rangi ikiwa nje ya bahasha kama mfano tu, achague mwenyewe. Mtu ambaye wiki nzima amekuwa akiambiwa lini aje, lini adungwe na lini asile, kuchagua rangi ni jambo kubwa kwake.

Kadi ikiwepo, "Imefumwa kwa mkono, ni yako" inatosha. Msiandike "utapona", hilo ni la daktari. Msipige picha za wagonjwa: taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mtoto hawezi kujikubalia mwenyewe. Pigeni picha kofia zikiwa kwenye kapu.

---

Nyuzi_Nakuru:
Nimenakili yote kwenye daftari la kikundi. Barua tunaiandika kesho. Jumamosi tunaanza na mifano mitano: ya mtu mzima ya akriliki, ya mtu mzima ya pamba, ya mtoto wa shule, ya vitanzi 60, na moja ya wazi ubavuni. Wodi_ya_Watoto, ile mikanda ya ubavuni iwe na upana gani?

---

Wodi_ya_Watoto (Kakamega):
Sentimita 2, urefu 12 kila mmoja, kutoka fulana ile ile ya pamba. Ishoneni mara mbili pale inapoanzia, ndipo inapong'oka. Na isizidi 12, mkanda mrefu unaweza kufika shingoni.