Luis alijua kikombe kina sumu. Kwa nini alikunywa?

Mleta mada:
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nimeirudia filamu ya Original Sin ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Michael Cristofer, na kuna jambo moja ambalo limekataa kunitoka kichwani. Ambao hamjaitazama mnisamehe, kwa sababu siwezi kuuliza bila kufichua mwisho wake.

Luis Vargas, anayeigizwa na Antonio Banderas, ni mfanyabiashara wa kahawa nchini Kuba katika karne ya 19, na anaagiza mchumba kwa barua kutoka Marekani. Anayeshuka melini, yaani Angelina Jolie, si yule wa kwenye picha. Anaeleza kwamba alituma picha ya mwanamke wa sura ya kawaida ili asipendwe kwa uzuri wake, naye Luis anakiri kwamba alijiita karani ili asipendwe kwa mali yake, na siku hiyohiyo wanafunga ndoa. Baadaye mke anazikomba fedha za benki na kutoweka. Luis anamsaka kwa nia ya kumwua, lakini akishamtia mkononi anashindwa, na badala yake anaambatana naye katika maisha ya utapeli. Hadi hapo namwelewa. Kinachonishinda ni kikombe: Bonny, kwa maana ndilo jina lake halisi, anamtilia sumu, Luis amekwisha kuujua mpango mzima, anamweleza kwamba anaujua, kisha anakunywa mbele yake. Je, huo ni upendo, au mtu huyo alikuwa amekwisha kufa zamani na sumu ilikuja kukamilisha tu?

Mchangiaji wa kwanza:
Ndugu mleta mada, mimi jibu lako naliona palepale bandarini. Tazama jinsi Luis alivyousamehe uongo wa picha kwa haraka, pasipo hata kuuliza swali la pili. Alisamehe kwa sababu na yeye alikuwa na uongo wake mfukoni, na mwenye kosa kama lako ni vigumu kumhukumu. Tangu siku ile walikuwa wamekubaliana, bila kutamka, kwamba katika nyumba yao uongo una nafasi mezani. Kisha akamfungulia akaunti zake za benki. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa, na Luis hakuishia kutosikia dawa, bali alimlipia nauli anayemletea ugonjwa. Kwangu mimi huo si upendo hata kidogo. Anayempenda mtu hutaka kubaki hai ili aendelee kumpenda.

Mchangiaji wa pili:
Naomba nitofautiane kidogo na mwenzangu, na nitaanzia kwenye chimbuko la kisa. Filamu hii imetokana na riwaya ya Cornell Woolrich, Waltz into Darkness, aliyoichapisha mwaka 1947 kwa jina la William Irish, na ambayo inaanzia New Orleans mwaka 1880. François Truffaut alikuwa ameitengenezea filamu mwaka 1969, La Sirène du Mississipi, akakihamishia kisa kisiwani Réunion katika zama zake mwenyewe, Jean-Paul Belmondo akiwa mume na Catherine Deneuve akiwa tapeli. Humo, wakiwa wamejificha kwenye kibanda kilichozungukwa na theluji, mume anatambua kuwa analishwa sumu ya panya, na anamwambia mkewe kwamba anajua na kwamba yu radhi. Ndipo mwanamke anapovunjika moyo na kulia.

Nasisitiza hilo kwa sababu kikombe kile ndicho kitu cha kwanza katika kisa chote kinachotolewa bila hila. Kila walichopeana kabla ya hapo, kuanzia barua hadi kiapo cha ndoa, kilikuwa na uongo ndani yake. Mume akisema "najua" kisha akanywa, tapeli hana tena wa kumtapeli. Silaha yake yote inaanguka. Siuiti uamuzi wa busara, lakini siwezi pia kuuita ugonjwa mtupu, maana mgonjwa hajui anachokunywa na huyu alijua.

Mchangiaji wa tatu:
Wachangiaji wote wawili mmesahau anayetusimulia. Kisa chote tunakisikia kutoka kwa Bonny mwenyewe, akiwa gerezani akisubiri kuuawa kwa garote, ule mkanda wa chuma unaokazwa shingoni kwa skrubu, ambao Wahispania waliutumia katika himaya yao, Kuba ikiwemo. Anayesikiliza ni padri kijana. Asubuhi askari wanapokuja kumchukua, wanamkuta padri amepiga magoti akiwa amevaa nguo za mfungwa, na Bonny hayupo.

Sasa fikirini: mwanamke ambaye uhai wake unategemea kuulainisha moyo wa kijana yule atamsimulia nini, kama si habari ya mwanamume aliyekunywa sumu kwa ajili yake na kumsamehe? Kikombe kile kinaweza kuwa chambo. Luis anayekubali kila kitu ni mfano ambao padri anawekewa mbele ili naye aufuate, na aliufuata.

Mleta mada:
Nashukuru sana, hasa kwa hoja ya padri, ambayo sikuwahi kuifikiria. Hata hivyo kuna matukio ambayo Bonny hakuyashuhudia, kama Luis anapohangaika peke yake baada ya kuibiwa, nasi tunayaona, kwa hiyo sidhani kama kila kitu ni maneno yake tu. Kilichonirudisha kwenye hoja ya mchangiaji wa pili ni sehemu ya mwisho kule Moroko. Luis yu hai, ameketi kwenye meza ya kamari. Bonny anazunguka nyuma ya wachezaji, anawashukuru kwa kumruhusu kutazama, na huku akizunguka anampa mumewe ishara za karata walizoshika. Luis anazisoma ishara zile bila kukosea. Kisha wenzake wa mezani wanaanza kusikiliza kisa cha jinsi wawili hawa walivyofika pale, na safari hii anayefungua kinywa kusimulia ni Luis.