MREJESHO: Vidoa kwenye matufaa ya ghalani

Wakuu, mwaka jana niliuliza kwa nini matufaa yangu ya Njombe nayachuma yakiwa safi, halafu baada ya wiki chache ghalani yanatoa vidoa vya kahawia vilivyobonyea, na nyama ya chini yake ni kavu kama sifongo na chungu. Mkanijibu si ukungu, ni upungufu wa kalsiamu ndani ya tunda. Mlikuwa sahihi, nawashukuru sana.

Msimu huu nilipiga kloridi ya kalsiamu mara tano, gramu 5 kwa lita ya maji, kuanzia matunda yakiwa bado madogo. Ni lazima iguse tunda lenyewe, maana kalsiamu iliyoingia kwenye majani haihamii kwenye tunda. Pigeni asubuhi na mapema! Siku moja nilichelewa hadi jua kali, majani yakaungua kingo. Yurea, ile mbolea ya kunawirisha mti, niliacha kabisa, kwa sababu mti ukinawiri kupita kiasi, majani na machipukizi hulinyang'anya tunda kalsiamu.

Kati ya kreti 40, niliyotupa hayakujaa hata ndoo moja. Yale makubwa mno, ya miti iliyozaa kidogo, niliyauza mapema, maana ndiyo hutangulia kuharibika.