Tupeane uzoefu: nani amewahi kulala na sigiri (jiko la mkaa) ndani?

Mama Pacha, Kireka
Habari za asubuhi jamaa zangu. Naandika mikono bado inatetemeka. Jana mvua ilianza saa kumi jioni, umeme ukakatika, na mizigo yetu ya huku, yaani vyumba vya kupanga, mnaijua: chumba kimoja, mlango mmoja, dirisha moja. Barazani palikuwa panavuja, nikaingiza sigiri ndani ili maharage yamalizie kuiva. Tukala na posho (ugali) vizuri. Mkaa ulikuwa bado mwekundu, hauna hata uzi wa moshi, na baridi ilikuwa kali, nikasema ngoja uwatie watoto joto. Nikafunga dirisha kwa sababu ya mbu, tukalala.

Saa sita usiku pacha mmoja akaanza kutapika. Mwenzake akalia kichwa kinamuuma. Nilipoinuka kitanda kikazunguka na mimi. Nikajua ni maharage yametudhuru. Nilifungua mlango nimwage beseni la matapishi tu, upepo wa mvua ukanipiga usoni, nikasimama pale kidogo, na kichwa kikaanza kuwa chepesi. Ndipo nikageuka nikaitazama ile sigiri. Niliwavuta watoto mmoja mmoja, tukakaa barazani chini ya shuka moja mpaka adhana ya alfajiri, tunadondokewa na maji.

Aliyepitia jambo hili aseme. Na sisi wa chumba kimoja tunafanyaje siku za mvua?

Dereva wa Bweyogerere
Yamenikuta. Nilikuwa bachela wakati huo. Niliamka nimelala mlangoni nusu ndani nusu nje, sikumbuki nilifikaje. Pole sana nnyabo.

Nesi Mstaafu, Arua
Mama Pacha, kabla ya mengine yote: watoto wakoje saa hii? Kama kichwa bado kinauma, au wana usingizi usio wa kawaida, au wanayumba wakitembea, wapeleke hospitali leo hii. Ukifika taja sigiri kwanza, kabla hujaulizwa. Kichwa na kutapika huku kwetu kila mtu anaona malaria, na utarudi nyumbani na vidonge vya malaria huku tatizo ni lingine.

Kilichowapata ni gesi ya mkaa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Inaingia kwenye damu na kukamata pale ambapo oksijeni ingekaa, na inakamata kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Basi mtu anapumua vizuri kabisa, lakini mwili unakosa hewa. Moshi angalau unakukohoza ukimbie. Hii inakuletea usingizi.

Mama Pacha, Kireka
Asante sana Nesi. Wanacheza, wamekunywa chai. Huyu mdogo tu ndiye amelala tena. Nampeleka sasa hivi.

Msela wa Rolex, Kisenyi
Dawa yake ni maziwa. Nusu lita kila mtu, yanaosha sumu yote. Mimi nakaa kwenye sigiri kuanzia saa kumi na moja alfajiri, nageuza chapati mpaka usiku, sijawahi kuumwa hata siku moja, ni maziwa hayo.

Nesi Mstaafu, Arua
Mwanangu, wewe hujaumwa kwa sababu sigiri yako iko kando ya barabara na upepo wote wa Kisenyi unapita hapo. Maziwa yanaenda tumboni, hii sumu iko kwenye damu, imeingia kwa mapafu. Na mtu aliyelegea ukimmiminia maziwa mdomoni unaweza kumpalia ukammaliza. Mtoe nje, mlegeze nguo, akizimia mlaze ubavu, mkimbize kwenye oksijeni. Maziwa mnywe kwa chai.

Mzee wa Koboko
Sikubaliani na hofu hii. Mimi nina miaka 67. Tumezaliwa nyumba ya nyasi, moto katikati, mama anapika humo, mbuzi wamelala humo, na sisi tumelala humo. Hakuna aliyekufa. Vijana wa Kampala mmekuwa laini.

Fundi wa Mbale
Mzee wangu shikamoo. Nyumba uliyozaliwa ilikuwa inapumua. Nyasi zinapitisha hewa juu, na pale ukuta unapokutana na paa pana nafasi mkono unapita. Mimi ndiye ninayejenga hizi za sasa. Matofali, plasta, mabati, dari chini ya mabati, mlango wa chuma unaobana. Tunaacha matundu ya hewa juu ya dirisha, lakini mpangaji akiingia wiki ya kwanza anayajaza magazeti na makaveera (mifuko ya plastiki) kwa sababu ya mbu na vumbi. Nimeingia vyumba vingi kutengeneza nyaya nikayakuta yameshindiliwa kama gunia la pamba. Kuni zenu pia zilikuwa na moshi, moto ukizidi mnatoka wenyewe.

Mama Pacha, angalia juu ya dirisha lako, kisha utuambie.

Mzee wa Koboko
Marahaba. Hilo la nafasi juu ya ukuta ni kweli. Lakini laini mmekuwa laini.

Mpakani Katuna
Nimesoma hapa nikaacha kazi. Sijawahi kuandika habari hii mahali popote, leo naiandika.

Sisi ni wa Kabale. Anayeijua Kabale anajua baridi yake: asubuhi ukungu umelala bondeni mpaka saa tatu, watu wanatembea na makoti kama wako safarini. Dada yangu mdogo alijifungua mwezi wa nne, mvua kubwa. Mume wake alikuwa mpakani na mizigo, mimi nilikuwa nyumba ya jirani, ukuta kwa ukuta. Mama mkwe wake alitoka kijijini kuja kumtunza mzazi, kama inavyotakiwa. Na mzazi na kichanga wanatiwa joto, hilo hata bibi yangu alifanya. Kila usiku mama mkwe alikuwa akiingiza sigiri, anaweka sufuria ya uji wa ulezi juu, ili mzazi akiamka usiku anywe.

Usiku wa tano nilisikia kishindo, kama beseni la bati limeangushwa kwenye saruji. Nikasikiliza. Kimya. Nilikuwa karibu kurudi kulala, nasema wanahangaika na nepi. Lakini kichanga hakulia. Mtoto wa siku tano, beseni linaanguka vile, halii? Nikatoka.

Niligonga, niliita, hakuna jibu. Mlango ulikuwa na komeo la ndani. Nikamwita kijana wa boda anayelala chumba cha mwisho, tukausukuma kwa mabega mpaka komeo likang'oka na misumari yake.

Ndani palikuwa na joto zuri. Hilo ndilo sitalisahau, palikuwa pazuri, unataka kuketi. Sigiri nyekundu katikati, uji umekauka umeshika chini ya sufuria. Dada yangu alikuwa sakafuni karibu na mlango, shavu juu ya beseni. Alikuwa anaenda kujisaidia, miguu ikakataa. Mama mkwe kwenye mkeka, mdomo wazi, anakoroma mkoromo ambao si wa usingizi. Na kando ya sigiri palikuwa na katoni ya sabuni. Walikuwa wanalaza vifaranga humo, kwa sababu ya wezi na baridi. Vifaranga saba. Kijana wa boda alimulika na simu, wote wamelala ubavu, miguu imenyooka. Hapo ndipo akapiga kelele, "Ni mkaa! Ni mkaa!" Mimi bado nilikuwa nafikiri ni majambazi wamepuliza dawa.

Kichanga nilimchukua kitandani, amelegea kama kitambaa kilicholowa. Nilikimbia naye nje kwenye mvua, nikamfungua nguo zote, nikawa namsugua mgongo na kumpulizia usoni. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Akapiga chafya. Kisha akalia, na watu wa vyumba vyote wakawa wameshatoka.

Pikapu ya muuza viazi ilitupeleka hospitali. Dada aliwekwa kwenye oksijeni, akafungua macho asubuhi. Mama mkwe alikaa siku nne. Alipona, lakini kwa miezi mingi alikuwa anasahau majina, ananiita jina la marehemu dada yake, anaweka chumvi mara mbili. Hajawahi kusema lolote juu ya usiku ule. Ila sigiri hajaigusa tena ndani ya nyumba, hata mchana mlango ukiwa wazi.

Binti wa Bombo
Ya Allah. Nimelia.

Dereva wa Bweyogerere
Vifaranga saba. Sina neno.

Shemeji Mtu, Ntinda
Samahani, lakini hao mama wakwe ndio wanatumalizia wake. Wanatoka kijijini na sheria zao. Huyo alistahili kushtakiwa.

Mpakani Katuna
Ndugu, futa hayo maneno. Yule mama alikuwa analala chini kwenye mkeka ili dada yangu apate kitanda chote. Alikuwa anaamka mara tatu usiku kukoroga uji. Sumu ilimpata yeye kuliko wote kwa sababu alikuwa karibu na ile sigiri. Hakuna nesi, hakuna mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa), hakuna hata mimi niliyesoma, aliyewahi kumwambia kwamba mkaa usio na moshi unaua. Mimi nilikuwa naingia jioni naota moto humo humo.

Shemeji Mtu, Ntinda
Nimekosa. Samahani dada. Na mama apokee salamu zangu.

Nesi Mstaafu, Arua
Ule usahaulifu ni kweli huwa unafuata, wakati mwingine wiki kadhaa baada ya mtu kuonekana amepona. Kwa hiyo aliyepatwa aendelee kuangaliwa. Na mama mwenye mimba asikaribie kabisa chumba chenye sigiri, mtoto tumboni anaumia hata kama mama anajisikia kichwa kidogo tu.

Kingine: wakiumwa kichwa watu wote wa chumba kwa wakati mmoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, hiyo si malaria. Malaria haipati nafuu barazani.

Msela wa Rolex, Kisenyi
Sawa, maziwa nimeyaacha. Lakini nasikia ukiweka beseni la maji pembeni ya sigiri linavuta ile gesi?

Fundi wa Mbale
Halivuti. Wala kitunguu hakivuti, kabla mwingine hajakileta.

Binti wa Bombo
Nilikuwa nakileta mimi, ndivyo tunavyofanya kwetu! Basi niseme hili ambalo nina hakika nalo. Sisi Wanubi mkaa unawashwa nje, unaiva nje, unapikwa nje, mvua ikija bibi alikuwa na kapu. Unachukua kapu kubwa la majani, unalipanga majani makavu ya mgomba ndani, na matambara, mpaka ibaki nafasi ya sufuria tu. Maharage uliyoyaloweka tangu asubuhi unayachemsha nje nusu saa yakitokota kweli kweli, unafunika, unatumbukiza sufuria kwenye kapu, juu unafunika na mto. Saa tatu nne baadaye yameiva na yangali moto, yapashe tena kidogo kabla ya kula. Mvua ikianza saa kumi, kapu liko chini ya kitanda, wewe unasuka nywele. Na mkaa unabaki kwenye gunia, maana bei yake tangu ile amri ya 2023 ya kuzuia biashara ya mkaa kaskazini mwa Uganda sote tunaijua.

Kwa baridi, jaza maji ya moto kwenye kijerikani cha lita tatu, kaza kifuniko, kivike soksi au fulana, weka miguuni. Kwa kichanga kiwe mbali na ngozi yake.

Shemeji Mtu, Ntinda
Nunueni gesi jamani. Mtungi wa kilo 6 unakaa pembeni, yamekwisha.

Dereva wa Bweyogerere
Wewe wa Ntinda unasema nunueni kama unanunua nyanya. Mkaa naupata wa elfu mbili kwenye kaveera, napika leo. Gesi nitaijaza kwa elfu mbili?

Fundi wa Mbale
Na gesi nayo kwenye chumba kilichozibwa ni hatari yake nyingine. Mimi nimehamia sufuria ya umeme ya presha. Maharage chini ya saa moja. Kwenye bei za umeme wa nyumbani kuna daraja la kupikia, kuanzia uniti ya 81 mpaka 150 kwa mwezi unalipa kidogo. Wengi hawalifikii kwa hiyo hawalijui. Tatizo ni lile la Mama Pacha, umeme ukikatika unarudi kwenye sigiri. Kwa hiyo matundu lazima, sufuria au si sufuria. Mbu wazuieni kwa wavu. Ukipigilia wavu juu ya tundu hewa inapita, mbu anabaki nje.

Mzee wa Koboko
Nimemtuma mjukuu apande kwenye ngazi aangalie chumba ninacholala. Ametoa suruali yangu kuukuu kwenye tundu la hewa, na gazeti ambalo limegeuka manjano. Sikumbuki nilipoyatia. Nesi, Fundi, asanteni wanangu.

Mama Pacha, Kireka
Nimerudi. Wameangaliwa, wako salama, tumeambiwa turudi Jumatatu. Nilipofika mlangoni nilisema "sigiri" kama ulivyoniagiza, na daktari akaacha kuandika akanitazama.

Fundi, nimepanda kwenye stuli. Matundu manne. Matatu yamejaa saruji, mwenye nyumba ndiye aliyeyaziba, na la nne lilikuwa na soksi ya mwanangu. Ya saruji jirani amesema atanitobolea kesho na nondo, mwenye nyumba nitamweleza mwenyewe. Kapu nimeshaagiza.

Dada wa Katuna, yule mtoto yuko wapi siku hizi?

Mpakani Katuna
Yuko darasa la pili, anakimbia huyo, nguo hazimkai. Kuku mama wa wale vifaranga naye alipona, alikuwa amefungwa mguu karibu na mlango ambapo upepo unapenya chini. Mama mkwe alikataa asichinjwe, hata Krismasi. Kuku huyo alikufa kwa uzee mwaka jana, na yule mtoto ndiye aliyemchimbia shimo.