Mdogo wangu yuko kwenye lithiamu, ametulia, sasa anataka kuacha. Naomba ushauri

Kaka Mkubwa
Wakuu, habari za muda huu. Mdogo wangu, miaka 24, ameambiwa ana bipola aina ya kwanza (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi). Anameza lithiamu miligramu 800 kila usiku, mwezi wa nne huu. Analala vizuri, kazini anaenda. Sasa kagoma: ameshapona, aendelee kumeza ya nini? Na kwa nini kila mara anatolewa damu? Dawa ya sonona aliyokuwa nayo zamani nayo imeondolewa bila maelezo. Halafu mikono inamtetemeka kidogo. Nimweleze nini?

Dirisha la Dawa
Mkuu, nianze na damu, maana hapo ndipo wengi huchoka. Kwa lithiamu, kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru vimekaa karibu mno. Kwa kinga, yaani kuzuia ugonjwa usirudi, kwa kawaida hulengwa milimoli 0.6 hadi 0.8 kwa lita ya damu. Mania (ile hali ya kupanda, nguvu nyingi na usingizi kidogo) ikiwa imepamba moto, daktari anaweza kupandisha hadi 1.0. Ikivuka 1.5, sumu ni jambo la kutarajiwa, na wengine huanza kuumwa kabla ya hapo. Watu wawili wa uzito mmoja wakimeza 800 hiyohiyo wanaweza kupata majibu tofauti kabisa, kwa sababu figo zao hazifanani.

Damu itolewe zikipita saa 12 tangu dozi ya mwisho. Akimeza saa tatu usiku, awe maabara saa tatu asubuhi. Akijisahau akameza asubuhi ndipo akapime, majibu yatatoka juu kiuongo, dozi itapunguzwa bure, na baada ya wiki chache atapanda tena. Aandike saa aliyomeza kwenye karatasi aende nayo.

Kipimo hurudiwa siku 5 hadi 7 baada ya kuanza au kubadili dozi, kisha kila wiki mpaka itulie. Baada ya hapo kila miezi 3 kwa mwaka wa kwanza. Figo, tezi ya shingo na kalsiamu huangaliwa kila miezi 6.

Pima Kwanza
Naongezea kinachopandisha lithiamu hata kama dozi haijabadilika. Figo huishughulikia kama chumvi. Mwili ukipungukiwa maji na chumvi, figo hubana chumvi iliyopo, na lithiamu hubaki nayo. Kwa hiyo kuharisha, kutapika, jasho jingi, au kukata chumvi ghafla kwenye chakula, vyote ni hatari. Ibuprofeni na diklofenaki ziko kundi hilo, na baadhi ya dawa za presha pia. Kichwa kikiuma, parasetamo. Akiharisha au kutapika, anywe maji na ampigie daktari siku hiyohiyo aulize kama asimamishe dozi kwa muda.

Kuhusu mikono: mwambie ainyooshe mbele, umwekee karatasi juu ya vidole. Karatasi ikitikisika kidogo tu, huo ni mtetemo wa kawaida wa dawa, amtajie daktari. Lakini akianza kumwaga chai, kushindwa kufunga vifungo vya shati, kuyumba kama mlevi, kuongea kwa ulimi mzito au kuchanganyikiwa, asimeze tena na apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Mgeni wa Jioni
Kwani akipumzisha mwili wikendi kuna ubaya? Vidonge vya muda mrefu huchosha ini.

Dirisha la Dawa
Upo ubaya, mkuu. Kwanza lithiamu haichakatwi na ini, hutolewa na figo. Pili, kuruka dozi kunayumbisha kiwango na kuharibu maana ya kila kipimo. Kuacha ghafla ndiyo njia ya mkato ya kurudi kwenye mania, hasa miezi ya mwanzo baada ya kuacha. Kutulia kwake ni kazi ya dawa. Ni kama mtu ang'oe nguzo kwa kuwa paa halijaanguka. Ikibidi kuacha, hupunguzwa taratibu kwa wiki 4 angalau, na miezi 3 ni bora zaidi, daktari akijua.

Nusu Kidonge
Dawa ya sonona: wengi hufika kliniki wakiwa chini, hakuna anayewauliza kuhusu siku walizolala kwa muda wa saa mbili tu na kuamka na nguvu tele, wakapewa dawa ya sonona peke yake. Kwa bipola aina ya kwanza hiyo inaweza kumrusha mtu hadi mania. Akishuka tena, daktari ana kwetiapini au lamotrijini. Lamotrijini haina haraka: kwa kawaida miligramu 25 kwa siku kwa wiki 2, 50 kwa wiki 2, ndipo 100 kuelekea 200. Ukikimbiza, upele unaweza kugeuka wa hatari. Akikaa zaidi ya siku 5 bila kumeza, asirudie dozi kubwa. Daktari humwanzisha upya. Na akiwa kwenye valproeti, dawa nyingine ya bipola, dozi hizo hukatwa nusu. (Valproeti yenyewe haifai kwa mwanamke anayeweza kushika mimba, inadhuru mtoto.)

Kaka Mkubwa
Asanteni sana, nimepata pa kuanzia. Akisahau dozi ya usiku?

Pima Kwanza
Akikumbuka asubuhi, aiache, ameze ya usiku kama kawaida. Asimeze mara mbili kufidia.

Na sasa hivi akiwa na akili timamu, kaeni naye muandike dalili zake mwenyewe za kupanda: usingizi kupungua bila kuchoka, maneno mengi, manunuzi ya ajabu. Nani apigiwe simu, nani ashike kadi ya benki. Usiku 2 mfululizo wa usingizi mfupi bila kuchoka, mpigie daktari, msisubiri wa tatu. Akizungumzia kufa, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na vidonge viwekwe chini ya ufunguo, maana lithiamu ikizidishwa inaua.