Picha ya 3D ya CT skani inaonyesha tundu chini ya jicho la mdogo wangu. Mfupa umepotea?

Mwana wa Igoma:
Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu alianguka na bodaboda wiki iliyopita, akajigonga uso. Amepigwa CT skani, tukapewa filamu na ripoti. Kijana mmoja pale akanionyesha fuvu lake kwenye kompyuta, linazunguka kabisa, nami nikalipiga picha kwa simu. Chini ya jicho la kushoto kuna tundu la kupitisha kidole. Hata kulia, ambako hakuumia, kuna katundu kadogo. Tangu mama aione hiyo picha hajalala. Alhamisi tunaonana na daktari bingwa wa upasuaji wa uso, naye ametuambia twende na CD, filamu hazitaki. Je, mfupa umepotea kweli? Na CD ya nini wakati filamu tunazo? Natanguliza shukrani.

Fundi Mionzi:
Poleni sana, mkuu, na mama umpe pole. Kupiga CT ndiyo kazi yangu ya kila siku, na hilo tundu nimelieleza kwa ndugu wengi wa wagonjwa.

Angalia tena ulichoandika: upande wa kulia, ambao haukuguswa, nao una tundu. Hapo ndipo pa kuanzia.

Mashine ile haikupiga picha ya fuvu. Ilipima jinsi kila kijisehemu cha kichwa kinavyozuia mionzi, ikakipa namba: maji 0, hewa -1000, mafuta kama -100, mfupa mgumu 1000 au zaidi. Ni namba za Hounsfield, yule Mwingereza Godfrey Hounsfield, mmoja wa waanzilishi wa CT, aliyepewa Nobeli mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Ili fuvu lionekane, aliyekaa kwenye kompyuta anaweka mpaka, tuseme 200. Kilichozidi hapo kinachorwa, kilichopungua kinafutwa.

Sasa, sakafu ya tundu la jicho (lile shimo la fuvu ambamo jicho limekaa) ni mfupa mwembamba mno, sehemu kubwa haufiki hata milimita moja. Juu yake kuna mafuta ya jicho, chini yake hewa ya uwazi wa shavu. Slaisi (picha za kichwa kana kwamba kimekatwa vipande kama mkate) zikiwa nene, kompyuta inavichanganya vyote vitatu na kutoa wastani, namba inashuka chini ya mpaka, na mfupa mzima unafutika kwenye picha. Nikishusha mpaka, tundu linaziba. Nikiupandisha, linapanuka. Mgonjwa ni yuleyule, hajasogea.

Sisemi kwamba kushoto hakuna mvunjiko. Ila hilo haliamuliwi kwa lile fuvu, linaamuliwa kwenye slaisi zenyewe, hasa zile zinazoonyesha uso kama unavyomtazama mtu mbele yako. Ripoti imeandika nini? Na dogo akitazama juu, anaona vitu viwili viwili?

Shangazi wa Buza:
Mwanangu, usiitupe hiyo 3D. Mtoto wa kaka yangu aliumia hivyohivyo, uso umevimba hata shavu hulijui liko wapi. Daktari akaligeuza fuvu kwenye kompyuta, tukalitazama kwa chini, tukaona mfupa wa shavu umeingia ndani. Pale ndipo baba yake alipokubali kusaini upasuaji.

Fundi Mionzi:
Shangazi yuko sahihi kabisa. Kwa mifupa minene iliyosogea, kama shavu na taya, 3D haina mpinzani. Inadanganya kwenye mifupa myembamba.

Mwana wa Igoma:
Ripoti inasema sakafu ya tundu la jicho la kushoto imevunjika na mfupa wa shavu umesogea. Na ndiyo, akitazama juu anaona viwili. Kwenye filamu pembeni naona 5.0 mm.

Fundi Mionzi:
Basi mpigieni daktari leo, msingoje Alhamisi, mumwambie kuhusu kuona viwili. Huenda msuli unaozungusha jicho umebanwa kwenye ufa. Akianza kutapika, kuzimia au kuona kunapungua, mpelekeni hospitali muda huohuo, hata kama ni usiku wa manane.

Kuhusu CD: hiyo 5.0 ni unene wa slaisi mlizochapiwa. Kwa upasuaji wa uso ni nene mno, daktari anataka milimita moja au pungufu. Na filamu ni karatasi tu kwake, hawezi kuigeuza wala kuipima. Nendeni kesho asubuhi mlikopigia, muombe faili za DICOM (picha zenyewe za mashine, zikiwa na namba zake zote) za slaisi nyembamba, si picha za JPG. Mashine nyingi zinaweza kuzitengeneza upya kutoka data ghafi bila kumrudishia mgonjwa mionzi, lakini data ghafi inakaa siku chache tu, kisha inafutwa kupisha wagonjwa wengine. Ndiyo maana nasema kesho.

Akizipata, daktari anaweza kuuchukua upande mzima wa kulia, akaugeuza kama kwenye kioo na kuulaza juu ya wa kushoto, aone shavu limesogea milimita ngapi. Penye printa ya 3D wanachapa huo uso kwa plastiki na kukunja plati ya titani juu yake kabla mgonjwa hajaingia chumba cha upasuaji. Slaisi za milimita 5 zingewapa umbo lenye ngazi ngazi, na plati isingekaa.

Kabla hamjaondoka dirishani, waombeni waifungue CD kwenye kompyuta yao na mhakikishe jina la dogo ndilo linalosomeka.

Mwana wa Igoma:
Daktari nimempata kwa simu, amesema tumlete leo saa kumi jioni. CD naifuata sasa hivi, sisubiri kesho. Asante sana, mkuu, na wewe shangazi.