Nyie wa "badilisha sofa lako kwa elfu 50", njooni mnikwangulie mninga wa mama yangu

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu na nimeuandika na hasira, mwenye haraka apite tu sitamlaumu.

Kuna hawa watu wa video, mnawajua. Kabati bovu linaingia, muziki unalia, sekunde arobaini baadaye kabati jeupe limewekewa vitasa vya dhahabu na kimaua pembeni, halafu anakwambia "nimetumia elfu 50 tu wapenzi". Mimi nilikuwa nawaangalia usiku kitandani kama mtu anayeangalia mpira. Siku ya siku nikaamua na mimi.

Nina seti ya makochi ya mbao, yale ya zamani ya mito ya kuweka na kutoa, watu wa miaka ya themanini mnayajua, yale mama zetu walikuwa wanayavalisha vitambaa vya kufuma na ole wako ukalie kitambaa kikunjike. Tatu, mbili, moja, moja. Mninga mtupu, marehemu mzee alichongesha Morogoro mwaka 1987 na mama alinipa nilipoanza maisha kwa sababu nilikuwa nalalia godoro chini. Mbao ilikuwa haijaachia hata kiungo kimoja. Kilichokuwa kibaya ni vanishi imepauka na sponji zimekuwa kama chapati. Basi. Ukiniuliza leo nitakwambia yale makochi yalikuwa hayaumwi kitu, yalikuwa yanataka kuogeshwa tu.

Mama watoto alikuwa kaenda kwao Moshi wiki mbili nikasema ngoja nimfanyie sapraizi. Dada wa kwenye video alisema kabisa, namnukuu, hakuna haja ya msasa, paka tu, mara mbili, imeisha. Nikapaka. Rangi ya mafuta nyeupe kopo la lita nne, juu ya vanishi ya miaka thelathini na kitu, sijagusa msasa hata wa kutolea dhambi. Na kwa kuwa alisema "msisahau na chini" nikapindua kochi nikapaka mpaka huko kwenye uvungu ambako hata panya hapaangalii.

Siku ya kwanza nakiri yalipendeza. Nilipiga picha nikaweka status, watu wakasifia, shemeji yangu akauliza nimenunua wapi.

Wiki ya tatu mtoto akakwaruza na gari lake la bati, likatoka ganda zima refu kama ganda la ndizi, chini mninga unanichekea. Nikaweka kucha, linatoka. Kwenye mikono ya kochi pale watu wanaposhika ndio balaa, jasho la Dar na hili joto letu pakawa panata, mgeni akinyanyuka anaondoka na alama. Nikasema labda rangi ni mbaya, nikajaribu kiti kimoja kupiga rangi ya maji juu, kesho yake madoa ya kahawia yamepenya kutoka chini kama mtu kamwagia chai.

Fundi mmoja wa Keko ndio alinifungua macho, alikuja akaangalia akakaa kimya kidogo akasema "kaka, nani kakudanganya?" Akanieleza kwa lugha ya kawaida kabisa: vanishi ikikauka inakuwa kama kioo, rangi inakosa pa kushika, kwaiyo unaanza na msasa mkavu wa namba ndogo kama 80 au 100 kuivunja, unahamia 120, unamaliza na 220, unafuta vumbi kwa kitambaa chenye tina, unapiga praima ya kuzuia madoa, ndipo rangi. Siku tatu za kazi kabla hujafungua kopo! Hizo siku tatu kwenye video ziko wapi? Zimekatwa. Anaonekana kashika brashi na kucha zake hazijachafuka hata moja.

Akaniuliza tena "na mninga unaupakaje rangi?" hapo nikakosa jibu. Watu wanapiga mbao laini rangi ya mninga ili idanganye wageni, mimi nina mninga wenyewe nimeupaka ufanane na plastiki.

Sasa sponji. Nilienda Kariakoo, kijana akaniuzia sponji ya inchi nne kwa viti saba akaapa kwa mama yake kwamba ni hai densiti, yaani ile nzito ya densiti 30. Ukiibonyeza na kidole dukani inarudi vizuri tu, hata mbovu inarudi ikiwa mpya, hiyo sio kipimo. Miezi miwili nakalia mbao. Nikachukua moja ambayo ilikuwa haijatumika sana nikaenda kwa Mangi hapa mtaani kuipima kwenye mizani ya sukari, gramu 450. Haya piga hesabu, sentimita 55 kwa 55 kwa 10, sponji ya densiti 30 maana yake kilo 30 kwa mita moja ya ujazo, ilitakiwa ifike kama gramu 900. Nimeuziwa nusu ya mzigo, nusu nyingine ni hewa. Nendeni na mizani jamani, msiende na kidole. Na kitambaa nacho niliuziwa "mita" 14, nimefika nyumbani napima na futi ya fundi cherehani ni 13 na kidogo, mto mmoja wa mgongo ukakosa nguo.

Hela sasa, maana ndio mada. Rangi 32,000. Brashi 5,000. Tina 6,000. Kitambaa 154,000. Sponji 126,000. Kushona mito pamoja na zipu 70,000. Jumla 393,000. Kukwangua ile rangi fundi kachukua 120,000, na sila (ile ya kuziba mbao kabla ya vanishi) na vanishi upya 85,000. Kwaiyo 598,000 na sponji bado mbovu, sijanunua nyingine. Elfu 50 ilikuwa ya nini? Ya kimaua?

Lakini hayo yote ningemeza. Kisa cha uzi huu ni mama. Alikuja kabla fundi hajaanza kukwangua, sikupata hata muda wa kuficha. Kaingia, kasalimia, kakaa, kanywa maji, akaangalia huku na huku akaniuliza:

"Baba, makochi yangu umeyapeleka wapi?"

"Mama, si ndio hayo umekalia."

Hakusema kitu. Akainuka, akashika kile kiti cha mtu mmoja cha mzee, akakipindua mwenyewe na mgongo wake unaouma, akawa anatafuta kitu chini. Kumbe yule fundi wa Morogoro aliandika na penseli jina la mzee na tarehe ya kukabidhi, mimi nimekaa na kile kiti miaka minane sijui. Pameshapigwa nyeupe mara mbili. Akakirudisha taratibu akauliza tutakula nini.

Nikamwambia fundi wakati anakwangua aende polepole hapo chini. Alijitahidi, ila remuva ya kuyeyusha rangi na msasa havichagui, imetoka rangi na penseli ikaondoka nayo.

Kwaiyo nyie wa video nina ombi moja tu. Mkimaliza kupaka msizime kamera. Rudini baada ya miezi mitatu mtuonyeshe hilo kabati lina watoto ndani ya nyumba, lina chai imemwagika, mtu wa kilo 90 amekalia hilo sofa anaangalia Simba na Yanga. "Baada" yenu ni ya dakika tano baada ya kupaka, rangi haijakauka hata vizuri.

EDIT: Mnaoniuliza kama kuna kilichofaa. Kipo kimoja. Ule mto uliokosa kitambaa nilikosa hela nikaenda Karume, nikaokota pazia zito la mtumba 4,000, nikalifua, nikashona kwa mkono usiku na sindano ya gunia. Mpaka leo haujachanika wala kufifia na ndio mto ambao mama alikuwa anauchagua kuegemea. Mingine 13 ya kitambaa cha dukani imeshaota manyoya.

EDIT 2: Anayesema nimejitakia, sawa mkuu, nimejitakia. Natafuta muuza sponji mwenye mizani dukani, Dar popote hata Mbagala nitafuata. Mwenye video akae nayo.