Hivi hizi orodha za visawe vya Kiingereza huwa zinakaguliwa na nani?

Wakuu, leo nina povu na nitalimwaga lote.

Kazi yangu ni kuhariri maandishi ya Kiingereza, na siku hizi kila ninacholetewa kimeshapitishwa kwenye programu ya kubadilisha maneno. Juzi nimekutana na mkataba wa upangaji: mpangaji akichelewesha kodi "shall pay an excellent", yaani atalipa "bora sana". Nikarudia kusoma. Kumbe awali iliandikwa "a fine", yaani alipe faini. Programu imeona "fine", imechomoa kisawe cha juu kabisa kwenye orodha, imebandika. Na "a" ikageuzwa "an", maana sarufi lazima izingatiwe bwana! Mwenye mkataba ananiambia lugha imepanda daraja.

Jamani, "fine" ya mchanga ni ulaini. Ya uzi ni wembamba. "Fine print" ni yale masharti ya herufi ndogo ambayo hakuna anayeyasoma. Hizo angalau ukikosea utashtukiwa mapema. Balaa liko kwenye "fine" ya kusifia. "Fine wine" ni mvinyo wa hali ya juu. Lakini mtu akikuuliza chakula kikoje ukamjibu "it's fine", umemwambia kinalika tu, na mpishi akisikia atanuna. Uliyemuudhi akikukatia "Fine!" halafu akanyamaza, wewe jiandae. Na "a fine mess" ni kejeli tupu, hapo hakuna kinachosifiwa. Sasa orodha inakupangia "excellent", "good", "okay", "thin" na "penalty" mstari mmoja, zimetenganishwa kwa mkato, kana kwamba chagua lolote tu twende.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba maana hizi zina ukoo unaoelezeka. Chimbuko ni "finis" ya Kilatini, yaani mwisho, ikapitia Kifaransa. Faini ilikuwa malipo ya kumaliza shauri. Sifa ikatokana na kitu kilichofikishwa kwenye kilele cha ubora. Wanamuziki mpaka leo wanaikuta "fine" kwenye karatasi za nota, wanaitamka kwa Kiitaliano, na maana yake ni ileile: wimbo unaishia hapa. Sisi kwenye Kiswahili tumechukua ya kulipa peke yake. Maelezo kama haya yangeingia mistari mitatu tu, lakini watengeneza orodha hawana muda, wana matangazo ya kuweka.

Msinitajie Roget. Yule daktari alipotoa kamusi yake ya visawe mwaka 1852 aliyapanga maneno kwa mafungu ya maana, si kwa alfabeti. Faini iko fungu la adhabu, wembamba uko kwingine, na anayetafuta analazimika kwanza kujua anataka kusema nini. Hawa wa sasa wamevunja kuta zote wakamwaga maneno sakafuni.

Na msidhani ni wapangishaji tu. Mwaka 2021 watafiti Guillaume Cabanac, Cyril Labbé na Alexander Magazinov walianika makala za kisayansi zilizochapishwa kabisa, ambamo "artificial intelligence" (akili mnemba) imegeuzwa "counterfeit consciousness", yaani ufahamu wa kughushi. Imepita kwa mhariri, imepita kwa wakaguzi, hakuna aliyekohoa!

Halafu kuna hawa wa kusambaza picha za "Acha kusema fine, sema haya 30". Hivi nani amewaambia "fine" ni kosa? Neno linafanya kazi yake vizuri, mnalifukuza ili muonekane mmesoma. Wanafunzi wanakariri picha hizo, wanaandika "I am exquisite" wakiulizwa hali, halafu mnawacheka.

Anayejua kamusi ya visawe inayoweka sentensi ya mfano kwa kila maana aitaje hapa, hata kama ni ya kulipia. Mwenye picha ya maneno 30 apite kimya.